Loni ya Kileleshwa

Mume wangu alipokuja nyumbani kwa likizo ya Krismasi, mwaka wa pili baada ya uhuru, alitueleza kuwa amepandishwa cheo ofisini na amepewa nyumba ya serikali Kileleshwa. Alizitaja sifa za nyumba hiyo taratibu, huku mama yake akipakua samaki: vyumba vitatu vya kulala, maji ya bomba hadi ndani, umeme, na sebule yenye mahali pa kuota moto. Kisha akanigeukia mimi. "Halafu ina lawn kubwa sana," akasema. Neno hilo alilitamka kwa Kiingereza kwa sababu hakuwa na lingine.

Nilifurahi kuliko alivyotazamia. Nilikuwa mjamzito, na neno hilo nililijua tangu shule ya misheni nilikojifunza kushona. Mwalimu wetu alikuwa na kipande kimoja cha kitambaa ndani ya sanduku lake, cheupe, chepesi, laini hivi kwamba ukikitandaza juu ya mkono unaviona vinyweleo vyako. Alituambia hicho ndicho kitambaa cha kanzu za watoto wanaobatizwa. Hatukuruhusiwa kukigusa kabla ya kunawa. Na jina lake lilikuwa hilo hilo, lawn.

"Yadi ngapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Yadi za nini?"

"Za hiyo lawn."

Akafikiri kidogo. "Kwa yadi sijui. Ni karibu nusu eka."

Nilijua Wazungu walikuwa wakiondoka kwa haraka, lakini sikujua ni haraka ya kuacha nyuma nusu eka ya kitambaa.

Tulipofika Nairobi, na mizigo ikashushwa, nilizunguka nyumba nzima nikifungua makabati. Mume wangu akaniuliza ninatafuta nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku la vyombo. Akanishika mkono akanipeleka dirishani. "Ndiyo ile," akasema. Nje kulikuwa na nyasi. Nyasi tupu, fupi, za kijani kibichi, kutoka ukutani hadi kwenye ua wa michongoma, na hapakuwa na chochote juu yake, si ng'ombe, si mti wa matunda, si kamba ya nguo.

Watu waliofanya kazi za bustani mtaani walikwisha kulizoea neno hilo na kuliingiza katika Kiswahili chao. Walisema loni. "Mama, loni yako inataka maji." "Mama, loni imeingia magugu." Nami nikaanza kusema loni, kwa sababu niliona neno nyasi halitoshi. Nyasi ni kitu kinachoota chenyewe. Loni ni kitu unachokilima, ukakimwagilia, ukakikata, kisha kile ulichokikata ukakitupa. Lilinichukua muda jambo hilo. Sikujua zao lingine duniani linalotunzwa hivyo kisha likatupwa.

Mume wangu alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza, na jioni moja, kwa kuwa kicheko cha siku ile hakikuwa kimemwisha, alinitafutia. Akasema hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani. Lile la kitambaa labda limetokana na jina la mji mmoja wa Ufaransa wenye wafumaji. Lile la nyasi ni neno la kale la uwazi katikati ya msitu, mahali miti inapokoma na jua likafika chini.

Nililipenda hilo la msitu. Nilimwelewa mtu wa zamani aliyekaa kati ya miti mikubwa akatamani mahali pa kumwonea anayekuja, awe mgeni au mnyama. Sisi pia tulitamani hivyo, ila kwetu uwazi huo hauwi wa nyasi. Uwanja wa boma la Mjaluo ni udongo uliofagiliwa, mweupe, wenye mistari ya ufagio. Nyasi zikifika mlangoni maana yake ni moja tu: wenyewe wamehama au wamekufa. Mahali kama hapo tunapaita gunda, na mtoto hatumwi kupita hapo jua likizama. Kwa hiyo miezi ile ya kwanza, kila nilipofungua mlango wa jikoni asubuhi, moyo wangu ulishtuka kidogo kabla ya macho kuzoea.

Hata hivyo tuliitunza. Nyumba ilikuwa ya serikali, na ofisa wa nyumba alikuwa akipita bila taarifa kukagua. Jumamosi mume wangu alivua tai, akakunja mikono ya shati, akasukuma mashine ya kukatia, huku na huko, mpaka jasho likamlowesha mgongo. Alijivunia kazi ile. Mtoto wetu alipozaliwa nilikwenda Mtaa wa Bazaar, nikanunua yadi mbili za lawn ya kitambaa kwa Mhindi, nikakaa juu ya loni ya nyasi nikamshonea mtoto kanzu ya ubatizo. Ndiyo mara ya kwanza nilipokaa pale chini bila kujiona nimekaa juu ya kaburi la mtu.

Mtoto alipokuwa anaanza kutembea, mama mkwe wangu aliletwa Nairobi kwa treni. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akiona mwanga na kivuli, basi. Mume wangu alimshika mkono kutoka langoni, na mama alikuwa amevua viatu, kwa kuwa alisema miguu yake inaona vizuri kuliko macho. Alipokanyaga loni alisimama. Akasogeza mguu mmoja, akasogeza wa pili. Nyasi kila mahali.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Hii ni nyumba yangu."

"Nyumba yako? Na mkeo hana ufagio?"

Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ng'ombe wako wapi. Tukamwambia hakuna ng'ombe. Hapo aliacha kuuliza, na nikajua amehitimisha kwamba mwanawe hataki kumwambia ukweli.

Usiku ule alikataa kulala ndani. Kwetu mzazi halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, na haikumhusu kwamba paa lenyewe ni la serikali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha mtumishi, nasi hatukuwa na mtumishi. Nilikifagia, nikatandika kitanda, akahamia huko akaridhika. Mlango wake ulielekea loni ya nyuma na ua wa michongoma uliopakana na barabara.

Madaktari walisema jicho halijawa tayari kukatwa, asubiri liive. Tulikuwa tukienda kliniki mara kwa mara, mimi na yeye. Siku moja tulitoka huko amechoka, na basi letu lilikuwa bado, nikampeleka kwenye bustani moja ya katikati ya mji. Kabla sijatafuta benchi, alikuwa ameshakaa kwenye nyasi na kunyoosha miguu. Askari wa jiji alikuja mbio na rungu lake.

"Mama, toka hapo! Hiyo ni loni. Hujaona kibao?"

Nilimtafsiria mama mkwe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alipenda kukitumia mwenyewe. "Kibao nasema nini?"

"Kinasema usikanyage nyasi."

"Nyasi ya nini sasa?"

Askari akafikiri. "Ya kuangalia."

"Mimi macho hapana," akasema mama. "Kuangalia hapana weza. Basi nakaa."

Askari alimtazama usoni, akayaona yale macho meupe. Akageuka huku na huku kuona kama mkubwa wake yuko karibu. Kisha akasema, "Kaa kidogo tu, Mama," akasimama karibu yetu akiwafukuza wengine, mpaka basi likaja.

Siku chache baadaye, nikifua nguo, nilimsikia mama akipaza sauti nyuma ya nyumba. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Nilimkuta ameegemea michongoma, sikio ameliinua. "Kuna mtu anakata," akaniambia. "Kwa mundu. Anakata vizuri. Mwite."

Barabarani, upande wa pili wa ua, mwanamke wa makamo yake alikuwa ameinama akikata majani ya kando ya njia. Alikuwa Mkikuyu, mfupi, mwenye kitambaa kichwani na juu ya kitambaa ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo mgongoni. Alidhani tunamfukuza, akaanza kukusanya majani yake. Nikamwambia hapana, mama yangu anataka kukusalimu. Akaingia kwa lango la nyuma, mundu mkononi, akaiona loni yetu. Aliitazama vile mtu anavyotazama mtungi wa maziwa uliojaa.

"Hii mnapelekea ng'ombe gani?" akaniuliza.

"Hatuna ng'ombe."

"Basi mnaikata mnapeleka wapi?"

"Tunaitupa."

Alisema kitu kwa Kikikuyu ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa anatoka upande wa Kawangware, walikokuwa na shamba tangu babu zao, na shamba lilikuwa limegawanywa kati ya wana mpaka la malisho likaisha. Ng'ombe wake alikuwa mmoja, wa gredi, mwenye damu ya kizungu, na kila siku alitembea mpaka Kileleshwa kumtafutia chakula cha barabarani.

Walipatana pale pale, wale wanawake wawili, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikuwa na nusu yake. Atakuja kukata loni ya nyuma kwa mundu, na atatuletea maziwa ya mtoto. Jioni mume wangu alipinga. Alisema majirani watasema nini wakiona mtu anakata loni kwa mundu kama shambani, na ofisa wa nyumba je? Mama mkwe wangu akamjibu kwamba ofisa anataka nyasi fupi, na hajasema zifupishwe na nani. Mume wangu akabaki na loni ya mbele na mashine yake. Ya nyuma ikawa ya kina mama.

Yule mwenye mundu alikuja mara tatu au nne kwa wiki. Akimaliza kukata alikaa na mama mlangoni pa kile chumba, nami niliwaletea chai. Mazungumzo yao yalianza na vitu vilivyokuwa mikononi. Mama alishika unyasi mmoja akasema, "Lum." Mwenzake akasema, "Nyeki." Wakarudia, kila mmoja akilionja la mwenziwe. Baada ya mwezi walikuwa wakisemezana mambo ya kuzaa na kuzika na wakwe, na sijui ni kwa lugha gani. Nikiwapitia walikuwa wananyamaza, kwa hiyo nilijua sehemu ya wakwe ilinihusu.

Siku moja mume wangu, aliyekuwa nyumbani na homa, alitoka kuwasalimu. Akasema ameona katika kitabu kwamba Waingereza wanaiita aina hii ya nyasi kwa jina la Wakikuyu, na wameichukua kutoka hapa wakaipanda kwenye loni za nchi nyingi. Yule mama alisikiliza kwa makini.

"Nyasi ya Kikuyu? Hii hapa?"

"Hii hii."

Akachukua mundu wake akasimama. "Kumbe miezi hii yote nachukua mali yangu, na mimi nawaletea maziwa!" Alicheka hadi ukanda ukamteleza kichwani, na mama, alipotafsiriwa, akacheka zaidi yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tisa jicho la kwanza lilikatwa. Bendeji ilipotolewa, mama alitutazama sisi sote kitandani pake, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, akaniambia mimi nimekonda. Tulipofika nyumbani hakutaka kupumzika. Aliketi mlangoni kumngoja mwenzake. Lango la nyuma lilipofunguka, aliinuka.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Kumbe ni mfupi hivi! Nilifikiri ni mtu mrefu. Sauti yako ni ndefu."

Yule mama aliweka mundu chini. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mama mkwe wangu alimshika uso kwa mikono miwili akamgeuza kwenye jua, akaigusa ile alama ya ukanda iliyochimbika kwenye paji la uso, alama aliyokuwa akiijua kwa vidole tu.

Katikati ya mwaka huo, Jumamosi moja mchana, mwanasiasa mmoja kijana, mtu wa kwetu, aliuawa kwa risasi mjini, na aliyekamatwa alikuwa Mkikuyu. Sitaeleza yale yaliyofuata, kila aliyeishi Nairobi anayakumbuka kwa njia yake. Nitasema tu ya nyumbani kwetu. Mume wangu aliacha kula chakula cha mchana na wenzake ofisini, au wao waliacha kula naye, sikujua kipi kilitangulia. Mtaani salamu zilifupika. Watu waliokuwa wakiulizana watoto walianza kuulizana makabila, kimya kimya, kwa macho.

Na rafiki wa mama akaacha kuja.

Wiki ya kwanza mama alisema labda ng'ombe anaumwa. Wiki ya tatu aliketi mlangoni na jicho lake jipya likitazama lango. Loni ya nyuma ikapanda. Na ya mbele nayo ikapanda, kwa sababu mume wangu hakutaka tena kuonekana nje Jumamosi akisukuma mashine. Nilimwomba aikate, nikamkumbusha ofisa wa nyumba.

"Hata nyasi ni yao," akasema. "Waje wakate wenyewe."

Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Nadhani alijishtua mwenyewe, maana aliingia chumbani akafunga mlango. Mama alikuwa amesikia. Hakumkemea. Asubuhi iliyofuata, mume wangu alipokwisha kwenda kazini, nilimkuta nyuma ya nyumba na panga la jikoni, ameinama, anakata. Alikata mzigo mzima, akaufunga kwa kamba ya nguo.

"Unajua Kawangware?" akaniuliza.

"Mama, siku hizi si za kwenda Kawangware."

"Nimekuuliza kama unaijua njia."

Nilimfunga mtoto mgongoni. Mama aliweka nyasi kichwani, kama wanavyobeba wanawake wa kwetu, akanyoosha shingo, tukaenda. Niliogopa njia nzima. Watu walitutazama, na si vigumu kumjua mwanamke wa kwetu kwa anavyobeba. Tuliuliza kwa jina la mwanawe wa kwanza, tukaelekezwa, tukafika kwenye boma lenye ua wa mabati na mikuyu. Vijana wawili walikuwa wamesimama langoni.

"Mnataka nani?"

"Mama yenu," nikasema.

"Hayuko."

Mama mkwe wangu aliwatazama. Kisha akawapita, na mzigo wake kichwani, kama mtu anayepita kati ya miti miwili. Hawakujua la kufanya. Kumzuia mwanamke wa umri ule kwa mkono ni jambo ambalo kijana wa Kikuyu halifanyi, na wa Kijaluo pia. Ng'ombe alikuwa kwenye banda, mbavu zinahesabika. Mama akautua mzigo mbele yake, akafungua kamba, akarudi nyuma hatua moja kumtazama akila.

Rafiki yake alitoka nyumbani akiwa anajifuta mikono. Alituona, akasimama. Hakusalimu. Nilifikiri tumekosea kuja.

"Nilikungoja," akasema mama.

"Najua."

"Nilisema labda ng'ombe amekufa."

"Si ng'ombe." Aliwaangalia wanawe, akashusha sauti. "Lori lilikuja. Tulichukuliwa sote, wanaume na wanawake. Tulisemeshwa maneno. Usiniulize maneno gani."

"Sijauliza."

"Nikija kwako nitakuwa nimeyavunja."

Mama alikuwa Mkristo wa miaka mingi, lakini alizaliwa kabla ya makanisa kufika kwetu, na kiapo alikijua uzito wake. Hakumwambia kiapo cha kulazimishwa si kiapo. Hakumwambia amkumbuke Mungu. Mimi ndiye niliyetaka kusema hayo yote, na nilikuwa nimefungua mdomo aliponigusa mkono.

"Maneno hayo," akauliza, "yalimtaja ng'ombe?"

Mwenzake akashangaa. "Ng'ombe? Hapana."

"Basi mimi nitamlisha ng'ombe. Wewe usije."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mama alikuwa akikata, nami nikifunga mizigo na kuiweka nje ya lango la nyuma, kando ya barabara. Tukirudi tulikuta mzigo umeondoka na chupa ya maziwa imefichwa kwenye michongoma, kizibo chake cha gunzi la mahindi. Hatukumwona aliyeileta. Mume wangu alikunywa chai ya maziwa hayo siku nyingi bila kuuliza, kisha siku moja akaniuliza, nikamweleza. Jumamosi iliyofuata alitoa mashine stoo, akaipaka mafuta, akakata loni ya mbele barabara yote ikimwona, na yale majani aliyafagia akayafunga akayapeleka mwenyewe kule kwenye lango la nyuma.

Tuliendelea hivyo hadi mvua za mwaka uliofuata. Asubuhi moja nilisikia mundu. Nilidhani ni mama, lakini mama alikuwa jikoni nami. Tulitoka pamoja. Rafiki yake alikuwa katikati ya loni ya nyuma, ameinama, anakata kama aliyekuja jana. Hatukujua amepatana vipi na maneno yale, au na wanawe, au na moyo wake. Mama alikwenda akaketi mlangoni pake, mahali pake pa siku zote. Nikatia maji ya chai jikoni.

Mama alikaa nasi miaka mingine mitatu. Jicho la pili likakatwa pia. Ndipo akasema sasa anaona vya kutosha na anataka kuliona boma lake kabla ya kufa. Mume wangu alitafuta lori la mtu wa kwetu aliyekuwa akileta samaki mjini na kurudi tupu. Siku ya kuondoka, tukipakia vitu, rafiki yake aliingia langoni akiwa hana mundu. Alikuwa anavuta mtamba wa yule ng'ombe wake, mweusi mwenye baka jeupe begani.

"Huyu amekula hapa tangu tumboni mwa mama yake," akasema. "Ni wenu zaidi kuliko wangu."

Mume wangu alitaka kukataa. Alisema ng'ombe wa baridi hatamudu joto la ziwani wala kupe wetu, atakufa, itakuwa hasara bure. Alisema kweli, kila mtu alijua. Yule mama alimsikiliza kwa heshima, kisha akamkabidhi kamba mama mkwe wangu, si yeye. Wakaagana kwa kushikana mikono, mmoja mrefu na mmoja mfupi, bila maneno mengi. Walikuwa wamekwisha kusemezana asubuhi zile zote.

Niliwasindikiza kwa lori. Tulifika siku ya pili, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wa boma walikuja kumwona ng'ombe wa Nairobi, wakasema ana pua ndogo, wakasema hatafika mwezi. Aligoma kula nyasi zetu, ambazo ni ndefu na ngumu na zimezoea jua. Alinusa akageuza kichwa. Mama aliniambia nikalale, akabaki naye uwanjani, kwenye ule udongo uliofagiliwa. Asubuhi nilimkuta amekaa chini kando yake, akichambua nyasi moja moja kwa yale macho yake mapya, akitenga zilizo changa na kumpa kwa mkono, huku akimsemesha. Nilisogea nisikie. Alikuwa anamsemesha Kikikuyu.

Yule mtamba aliishi. Tulimpeleka joshoni kila wiki, akazaa mara nne, na maziwa yake ndiyo aliyokunywa mama mkwe wangu hadi alipofariki.